Kupe Kwenye Jina la Mama Ng'walu

Bariadi, Jumanne jioni

Bado nacheka peke yangu. Bango la mgahawa wa Mama Ng'walu limepanda leo.

Nilichagua herufi zile zenye vijiguu, mistari ya wima minene kama nguzo za zizi na ya kulala myembamba kama uzi. Si za kuandikia barua. Ni za kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Tatizo, nilipovuka kuliangalia, ule uzi wa katikati ya H ulikuwa umepotea. CHAI ilisomeka CIIAI. Nikarudi kwenye ngazi, nikaunenepesha kwa brashi huku nikiogopa kumharibia bati lake.

Mama Ng'walu mwenyewe wala hakuangalia neno CHAI. Alilikodolea macho jina lake.

"Fundi, hiki cheusi baada ya NG ni nini? Mbona kama kupe aliyeshiba?"

Nikamweleza kuwa hicho kialama ndicho kinachomfanya mtu alitamke jina sawasawa. Kwenye kitambulisho chake walikisahau, ndiyo maana makarani wageni humwita Ngwalu, naye huitika kwa kununa.

Hakuniamini. Akamsimamisha dereva wa lori la pamba, mtu wa Tanga kwa lafudhi, akamwomba asome. Yule bwana akasoma Ng'walu, safi, kama mzaliwa wa Zagayu hapa jirani.

Nikamuuliza Mama kama nikipunguze kile cheusi, maana kweli kilikuwa kikubwa.

"Nimetoa kupe kwenye ng'ombe tangu utotoni," akasema. "Huyu mwache."