Wifi Anataka Nimsomee Kitabu, Mume Wangu Anataka Nikisome kwa Uongo

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na ukiweza unijibu kwenye toleo hili hili, maana wifi yangu anafika wiki ijayo na akishaingia mlangoni kwangu sitakuwa tena na pa kukimbilia.

Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni chumba cha kufunga vidonda, na nimeolewa na mtu ambaye wasomaji wako wengi wanamjua, kwa hiyo sitasema zaidi ya kwamba aliandika kitabu cha utoto wake, utoto wa shida kule shamba, na kitabu hicho kimeliza watu wazima na vitambi vyao, kinasomwa shuleni, na kila akialikwa kuzungumza mahali mimi hukaa viti vya mbele nimevaa vizuri napokea makofi yasiyo yangu, na nakuapia Shangazi hata mimi nilikililia, nilikililia mara ya kwanza na mara ya pili, mara ya tatu ndipo nikaanza kunusa.

Ulianza moto. Jumapili moja gesi ilituishia, nikamwambia niwashie jiko la mkaa uani, mtu ambaye kitabuni anasema akiwa mtoto mdogo aliwasha kuni mbichi kwa kupuliza tu kila alfajiri, basi alihangaika pale mpaka jasho likamtoka, akapuliza akakohoa, mwisho akamimina mafuta ya taa nusu chupa, moto ukaruka na nyusi moja ikaenda nayo. Nikajisemea haya, kusahau kupo, mtu amekaa mjini miaka mingi. Lakini shaka ikishaingia haitoki, nikaanza kumjaribu, nikasingizia bomba limekauka nikamtuma maji kwa jirani, akarudi na ndoo nusu, suruali imelowa mpaka magotini, na jirani kasimama mlangoni anashika mbavu. Kisha kuna kovu. Sura ya tatu anasimulia sufuria la maji ya moto lilivyommwagikia mkono wa kushoto, kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, na mkono huo Shangazi ndio ninaoulalia miaka yote ya ndoa, ni laini kama wa karani. Nilipomuuliza akaniambia kovu lilifutika. Mimi ninayeshinda nikiosha watu walioungua, niambiwe na mwandishi kwamba kovu la namna hiyo linafutika! Nikaliweka moyoni.

Sasa sehemu inayowaliza watu kuliko zote ni ile ya kijiko. Anasema chakula kilipokuwa hakitoshi alikuwa akimpa mdogo wake chote, kisha yeye anakaa gizani anagonga kijiko kwenye bakuli tupu, ili yule mdogo asikie na aamini kwamba wote wanakula. Akiisoma hiyo jukwaani ukumbi mzima unatoa leso. Baada ya hapo mdogo huyo hatajwi tena kitabuni, nami siku zote nilidhani alifariki. Basi siku moja naongea kwa simu na wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, nikaona nisiwe mtu wa ajabu, nikamwambia, "Wifi, na sikuwahi kukupa pole ya yule mdogo wenu mliyempoteza."

Akauliza, "Mdogo wetu yupi?"

"Si yule aliyemfuata mume wangu?"

"Wifi, mumeo ndiye kitinda mimba. Baada yake pale nyumbani hakuzaliwa kitu, labda paka." Akacheka, lakini kicheko kikakatika njiani. "Nani kakwambia habari hizo?"

Nikasema nimesoma kitabuni. Akasema, "Ahaa." Basi, ahaa tu, halafu akaniuliza watoto hawajambo, kama watu wanavyouliza wakitaka kukata simu.

Nilibaki nimekaa kitandani na simu mkononi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba wifi huyu siku zote anavaa mikono mirefu, hata jua likiwa kali, na kwamba mwaka jana tulipokwenda kumzika baba yao mdogo nilimsaidia kubadili nguo, nikaona mkono wake wa kushoto, kovu kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, linang'aa, limevuta ngozi. Siku ile sikuuliza, nilidhani ni ukoo tu usio na bahati na masufuria. Na kitabuni humo dada huyu ana kurasa mbili, anapita akichota maji.

Wifi anakuja kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, haoni tena hata uso wa mtu aliye mbele yake, na mume wangu ndiye aliyemtafutia daktari na kulipia kila kitu, alianza kuhangaikia hilo mwezi uleule kitabu kilipotoka, nami nikamsifu sana. Sasa siku mbili baada ya ile simu ya paka, wifi kanipigia mwenyewe. "Nikija utanisomea hicho kitabu. Wewe, siyo yeye. Yeye ataruka mistari, namjua huyo, hata sala alikuwa anaruka mistari ili awahi kula." Wala si kwamba hajui kusoma, Shangazi, alifika darasa la nne kabla ya kuachishwa ili amlee mume wangu, na macho yalipokuwa mazima yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea majirani barua zao.

Nilimwambia mume wangu jikoni. Akachukua vikombe vilivyokwisha oshwa akaanza kuviosha upya. Kisha akasema bila kugeuka, "Msomee tu. Ila ukifika kwenye sura za jikoni, kila penye 'mimi' wewe sema 'dada'. Na yule mdogo, sema ndiye mimi. Hakuna zaidi, kisa ni kilekile."

"Kwa hiyo hayakukutokea wewe."

"Yalitokea."

"Yalimtokea nani?"

"Yalitokea nyumbani kwetu. Njaa ya nyumba moja utaigawa vipi, hii yangu, hii ya dada?" Na tena mchapishaji, eti, ndiye aliyesema wasomaji wanataka mtu mmoja wa kumfuata.

Tangu hapo simwamini hata akiniambia kumekucha. Simu zake anapokelea koridoni. Juzi kaniuliza kama mtu asiye na haja, "Hivi bandeji ya macho huwa inakaa siku ngapi?" na anataka usomaji uishe kabla ya upasuaji, nami najiuliza matibabu haya ni wema au ni hongo ya kumfumba mtu mdomo? Na wifi naye simwelewi, kwa nini mimi, anajua nini, ananitega? Hata ile hadithi ya jinsi mume wangu alivyonipenda siku ya kwanza aliponiona, niliyokuwa nikiwasimulia wanangu, siku hizi naisikia kama ya mtu mwingine, na hilo linaniuma kuliko kitabu.

Shangazi, nikisoma kilichoandikwa, nitakuwa nimemuumiza mama wa watu kwa kinywa changu mwenyewe na jina la mume wangu limekwisha. Nikibadilisha, nitakuwa nimemdanganya mtu asiyeona, sebuleni kwangu, kwenye kochi langu. Nifanye nini?

Ni mimi,
Msomaji wa Kulazimishwa

SHANGAZI ANAJIBU

Msomaji wa Kulazimishwa, pole mwanangu. Nilicheka kwenye nyusi, nilipofika kwa paka nikaacha kucheka.

Nianze na wewe, kwa kuwa ndiye uliyeniandikia. Uliolewa au uliajiriwa upelelezi? Mtu kushindwa kuwasha jiko si ushahidi wa kitu chochote, mimi mwenyewe nimekulia moshini na leo nawasha kwa kubonyeza. Kovu ndilo lilikuwa jambo, na siku ile ulipaswa kukaa chini umuulize mpaka ajibu. Kazini kwako kidonda kikinuka unafungua bandeji hapohapo. Cha nyumbani umekizunguka na ndoo ya maji, mpaka ukaenda kumpa wifi yako pole ya mtu ambaye hakuzaliwa. Usishangae basi kwamba sasa anataka kusomewa.

Unauliza kama anakutega. Ndiyo, anakutega, na ana haki. Anajua kuna kitu, hajui ni kikubwa kiasi gani, na katika nyumba yenu amekuchagua wewe awe na mtu mmoja wa kumwamini. Hiyo ni heshima, ichukue hivyo.

Sasa tuje kwenye mpango wa mumeo wa kubadilisha maneno. Soma tena barua yako mwenyewe. Wifi anakuja kutibiwa macho. Wifi anajua kusoma. Bandeji ikitoka ataona, na kitabu kipo hapo rafuni. Huo uongo utaishi siku ngapi? Njia ya mwongo ni fupi, hii ndiyo fupi kuliko zote nilizowahi kuletewa, na itakapoishia atakuta waongo wawili badala ya mmoja, na wa pili atakuwa wewe.

Lakini papo hapo ndipo sikubaliani na shaka yako. Unasema matibabu ni hongo. Mwizi hamnunulii shahidi miwani, mwanangu. Mtu anayetaka kuficha angemwacha dada yake na ukungu wake kule kule shamba, na hakuna ambaye angemlaumu. Huyu wako alianza kutafuta daktari mwezi uleule kitabu kilipotoka, akijua vizuri dada ni msomaji. Anaogopa kusema, na wakati huohuo anataka ajulikane. Simsifu, nawe usimsifu, ni woga tu uliojificha nyuma ya tendo jema. Ila mtu wa namna hiyo bado anasemezeka.

Na kuna jambo nadhani hujaliona kwa sababu umekasirika. Yule mdogo wa kitabuni hakufa, unaishi naye. Ile sauti ya kijiko gizani ilisikiwa na mtoto mmoja tu, aliyekuwa anakula. Kwa hiyo mumeo alikuwepo, na ana kisa chake, cha mtoto aliyeshiba kwa njaa ya dada yake na akaja kuelewa amekwisha kuwa mtu mzima. Kisa hicho hakimpigii mtu makofi, kinamtia haya, ndiyo maana akaona afadhali akishike kijiko yeye. Namwonea huruma, kweli kabisa. Lakini huruma haimfanyi kuwa mwenye kovu.

Sasa sikiliza utakavyofanya.

Wewe husomi. Kinywa chako hakikodishwi, si na mume wala na wifi. Mwambie mumeo leo, usingoje wageni, kwamba siku dada yake atakapofika, akishaoga na kula na kupumzika, yeye mwenyewe atakaa mbele yake na kusema: dada, nimeandika maisha yako nikajiweka mimi. Aseme hivyo hivyo. Asianze na mchapishaji, asianze na njaa ya nyumba moja. Akikataa, mwambie basi utasema wewe, na umaanishe.

Akishasema, kitabu akisome yeye, kama kilivyochapwa, neno kwa neno. Najua wifi amesema hamtaki kwa sababu ataruka, na neno lake liheshimiwe: mwombe ruhusa, mwambie wewe utakaa pembeni na nakala ya pili, kidole kwenye mstari. Mumeo akiruka, kohoa. Akilia, mpe maji, aendelee. Wifi akisema inatosha, kifungeni kitabu, hata kama mko katikati ya sentensi.

Kabla ya hayo yote mwambieni wazi kwamba upasuaji upo palepale hata akimtukana mdogo wake matusi yote anayoyajua. Asije akadhani anatakiwa kusamehe kwanza ndipo aone. Hili lisimamie wewe, hospitali ni nyumbani kwako.

Halafu kuna vitabu vitakavyochapwa tena. Zile sura za jikoni ni za wifi yako. Zibaki, zitoke, ziandikwe upya kwa jina lake au bila jina lake, ataamua yeye, na mumeo atampelekea mchapishaji uamuzi huo bila kuupunguza. Wakimwita mwongo magazetini, na wataita, atavumilia. Makofi aliyapokea mzima mzima.

Kuhusu ile hadithi ya kupendwa siku ya kwanza, muulize. Muulize usiku huohuo mkishamaliza ya dada, wakati bado amezoea kusema kweli. Na ndoo irudishe jikoni.

La mwisho ni hili. Wifi yako akishasikia yote atasema neno. Sijui atasema nini, huenda akalia, huenda akacheka, huenda akamwita mumeo jina alilokuwa akimwita alipokuwa mtoto. Nawajua waandishi, hata wakiwa wanatubu mkono unatafuta kalamu. Mwambie mumeo neno hilo alisikie, alale nalo, azeeke nalo, na asiliandike popote.

Shangazi