Chumvi Niliyompelekea Baba Mkwe

Nyamugari, Gitega

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta huko Muyinga ukiwa mzima, na goti limepunguza kukusumbua. Sisi hapa tu wazima. Nasema "sisi" kwa sababu Godeliva amerudi. Najua habari za kuondoka kwake zilikufikia, basi acha nikueleze mwenyewe.

Kosa lilikuwa langu. Mimi seremala, nusu ya mtaa huu unalala kwenye vitanda vyangu, lakini mke wangu tangu harusi analala kwenye mkeka. Kila wiki nilimwambia wiki ijayo. Siku moja akafunga nguo zake, akasema, "Neno lako linaoza upesi kuliko ndizi," akaenda kwa wazazi wake Bugendana.

Jumapili ile mchungaji akahubiri juu ya agano la chumvi. Akasema watu wa zamani walitia chumvi kwenye sadaka, na ahadi ya Mungu kwa Daudi iliitwa agano la chumvi, maana chumvi haiozi. Mama, niliona kama ananitazama mimi tu. Kesho yake nikachukua kilo tano za chumvi dukani kwa jirani yetu, mzee Hamisi, nikazifunga kwenye kitenge na kuzibeba mgongoni.

"We, beba na turubai," Hamisi akaniambia. "Kule iko mvua."

Nikamjibu kwamba agano halihitaji turubai.

Mvua ilinikuta mlimani. Nilipofika kwa baba mkwe, chumvi ilikuwa imeyeyuka ikanishukia mpaka kwenye suruali, na mbuzi wake watatu wakanizunguka. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaanza, "Baba, nimeleta agano lisiloharibika," huku mbuzi mmoja ananilamba kiuno, mwingine anatafuna shati. Baba mkwe, mzee aliyekula chumvi nyingi, alisikiliza bila hata kutabasamu.

"Mwanangu," akasema, "malizia haraka. Agano linaliwa."

Godeliva alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe akanivua mzigo, akakamulia kitenge kwenye chungu cha maharage, tukala wote sinia moja. Yalikuwa na chumvi kupita kiasi na hakuna aliyelalamika. Tulipomaliza, baba mkwe akaniuliza mbele ya wote, "Lini?"

Nikasema Ijumaa. Godeliva akasema atakuja Ijumaa kuangalia kitanda, si kuniangalia mimi.

Nilipiga randa siku tatu, wateja nikawaambia wasubiri. Alipofika alitikisa kila mguu, akainama akachungulia uvunguni, kisha akakaa ukingoni kama mgeni. Nikaenda kumchemshia chai. Niliporudi alikuwa amelala usingizi mzito, viatu bado miguuni. Nikamvua taratibu, chai nikainywa mwenyewe.

Nisalimie dada yangu mkubwa na watoto wake, na mjomba fundi baiskeli. Godeliva, mkwe wako, anakuamkia. Mungu akutunze, Mama.

Mimi mwanao,
Fidele