Wimbo wa Kumi na Moja wa Baba

Tabata Kimanga,
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Avelina,

Shikamoo dada. Natumaini baridi ya huko Kanada imekuachia japo vidole vya kushikia barua hii. Sie huku wazima. Goti la Mama linalalamika kuliko Mama mwenyewe. Najua utashangaa mbona nimeshika kalamu na simu ipo. Simu yangu Mama anaisoma kabla yangu, na hili ninalotaka kukwambia si la kusomwa naye.

Kwanza habari njema. Ile ahadi tuliyowekeana tukitoka makaburini, kwamba nyimbo zote kumi na moja alizotunga Baba kwa ala nne za nyuzi lazima zisikike, imefika pazuri. Tumeshapiga kumi, pale ukumbi wa parokia, mwezi kwa mwezi. Fidla ya kwanza ni Suhaib, yule mwenye duka la vitambaa Gongo la Mboto, aliyekulia kwenye taarabu. Ya pili Gibson. Bupe wa kwaya ana viola, ile inayoizidi fidla kidogo, na mie ndo naikumbatia sello ya Baba, kubwa kuliko zote. Baba aliandika kila kitu kwa do-re-mi, kama nota za kwaya, kwa hiyo Suhaib anaimbiwa kwanza na Bupe ndipo apige. Akifika penye huzuni anaongeza madoido yake ya mwambao. Bupe, ambaye kwake Baba bado ni Mwalimu Audax, akamwambia kwamba Mwalimu hakuandika hivyo. Suhaib akajibu kwamba hakuandika kwa vile alikuwa hajakutana naye.

Watu wetu unawajua. Siku ya kwanza walikaa wakisubiri maneno. Mwenyekiti wa kwaya aliniinamia katikati ya wimbo, nimeshika upinde, akaniuliza waimbaji wanaingia saa ngapi. Kwenye wimbo wa tatu Mwanakombo, mke wa Suhaib, aliinuka akacheza taratibu mpaka mbele, akamtunza mumewe noti. Wakina mama wa jumuiya nao wangekubali kushindwa? Wakapanga foleni. Gibson akapotea kabisa, maana kuna noti ilimfunika jicho. Mama alicheka mpaka akalia, au alianza kulia ndipo akacheka, sikuona vizuri.

Maana kila tukipiga wimbo mpya, Mama anarudi nyumbani na habari za Baba kana kwamba ametoka kuongea naye. Eti leo alikuwa na zile hasira zake za kurusha chaki. Eti leo alikuwa anamuwaza Avelina. Halafu mwezi mzima anausubiri mwingine, na nguo ya kuvaa ameshainyoosha.

Sasa umebaki wa kumi na moja, ule alioumalizia wodini. Hakuna aliyewahi kuusikia, hata Baba mwenyewe. Tulikubaliana tuupige baada ya Pasaka, na kwenye mazoezi uzi mnene wa sello ukakatika. Kukatika ulikatika kweli, usinicheke. Tukaagiza mwingine Nairobi. Tangu hapo Suhaib ananiuliza kila wiki, nami naisingizia forodha. Anasema huo uzi lazima unakuja kwa miguu.

Dada, uzi ulifika zamani. Niliuficha chini ya godoro langu. Tukishaupiga wimbo ule, Baba hatakuwa na jipya la kutuambia tena, yatabaki ya kurudiarudia. Nikajidanganya kwamba nakungoja wewe, usije ukaukosa. Lakini aliyekuwa hawezi kuupiga ni mie.

Juzi aibu ikanishinda, nikainua godoro ili nimpelekee Suhaib. Hamna. Nikamuuliza Mama, kwa mbali, kama alipotandika aliona kipakiti chochote. Akaendelea kupeta mchele, akasema yeye hajaona uzi wowote.

Mie uzi sikuutaja.

Sikumuuliza tena, naye hakunitazama. Kwa hiyo njoo, dada. Wewe ukimwomba atautoa, mie atanikatalia mpaka mwisho. Ukikuta naye hayuko tayari, basi usimlazimishe, keti naye tu. Suhaib nitamwambia wamefunga mpaka.

Bupe, Gibson, Suhaib na Mwanakombo wote wanakusalimu. Mama naye anakusalimu, ingawa hajui naandika. Anakutaja kila siku akipakua chakula.

Ni mdogo wako akupendaye,
Leodegar