Posa ya Tabu na Dele la Mwarobaini

Shoga, nimekwisha! Nimewanywesha wakwe dawa ya kidonda!

Unajua mguu wa mume wangu Seleman ulivyotunga usaha tangu arudi na msafara wa pembe za ndovu kutoka bara. Champaben wa dukani akanipa majani ya mwarobaini nichemshe, nimwoshee. Nikakosa chungu, nikayachemshia kwenye dele la kahawa.

Mara wageni wa kijiji cha Mkange hao, wamekuja kumposa binti yangu Tabu! Kwa kiherehere nikabeba dele lilelile, nikawamiminia.

Mzee Muhidini, baba wa kijana, akapiga funda. Macho yakamtoka. Akameza! Wenzake wakamtazama, nao wakameza.

Nikaonja kikombe changu. Uchungu ule! Nikajua posa imekufa.

Mzee akapangusa midomo. "Mama, kahawa hii ni ya kiungwana. Niongeze."

Nikamwongeza! Ningefanyaje?

Posa imekubaliwa. Ila wanataka siku ya harusi niwapikie kahawa ileile, Mkange nzima.

Nimemkimbilia Champaben huku nalia. Yeye ananiuliza, anichumie makapu mangapi?