Ng'ombe wa Mzee Muhire

Jumatano. Mvua ya alfajiri imeosha milima yote nyuma ya Uvira, na ziwa limetulia. Mimi sijatulia. Kucha zangu bado zina udongo, na sitaki kuuosha.

Niseme ukweli: leo niliamka na woga.

Mimi ni mchoraji. Siku hizi, kazi yangu kubwa ni kukaa na watu walioumizwa na vita katika sali, ukumbi mdogo wa parokia. Tunachora, tunafinyanga, ili yale ambayo mdomo unashindwa kuyatoa yapite mikononi. Wengine huanza kulia. Wengine huanza kulala usingizi, na hilo kwangu ni muujiza.

Lakini Mama Furaha hakuwa ameanza chochote. Ni mkulima wa Katogota, na mwanawe wa kwanza aliuawa huko bondeni. Kila wiki alikuwa akija, anapokea donge lake la udongo, anaviringisha, anaviringisha, kisha ananirudishia lilivyo.

Halafu akaja Mzee Muhire, mfugaji kutoka milima ya Mulenge. Nyumba yake ilichomwa, ng'ombe wake wakaswagwa wote. Siku ile alipoingia na kusalimu, Mama Furaha alisikia lafudhi yake, akasimama, akatoka nje. Hakumjua. Alisikia tu anakotoka: milima ileile ambako, kwa imani yake, walishuka waliomuua mwanawe.

Wiki iliyofuata alirudi, akaketi mbali naye kabisa. Katekista wa parokia alinishauri niwagawe, kila mmoja na siku yake. Nilikaribia kukubali.

Leo niliwaomba wafinyange kitu cha nyumbani wanachokikumbuka. Mzee akafanya ng'ombe. Mwili ulitoka vizuri, lakini pembe ndefu zile kila akizipachika zilianguka. Mikono yake inatetemeka sana. Akajaribu tena. Zikaanguka. Nikaona kidevu chake kinaanza kucheza, kama cha mtoto anayejizuia kulia.

Mama Furaha akasimama.

Nilitaka kuruka nimzuie, maana alikuwa anaelekea kwake moja kwa moja. Sijui ni nini kilichonibakiza kwenye kiti.

Akaketi kando ya mzee, akamkumbatia yule ng'ombe kwa viganja vyote viwili.

"Minye nashika tumbo," alisema. "Weye weka pembe."

Mzee akaweka ya kwanza. Ikakaa. Akaweka ya pili. Mama hakuachilia.

"Iko na jina?"

"Gaju," mzee alijibu, kwa sauti ndogo.

Mama akamtazama Gaju kwa muda. Kisha akasema, bila kuinua macho: "Ngombe zenu zilikula sana mupunga yetu, kule Katogota."

Nyumbani kwetu, maneno kama hayo ndiyo hutangulia panga.

Mzee akapangusa mikono kwenye suruali. "Ni kweli, mama," alisema. "Na huyu njo alikuwa mwizi wao mukubwa."

Mama Furaha alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, hata yeye akashtuka, akaziba mdomo kwa mkono wenye udongo. Mzee naye akacheka. Kisha kicheko cha mama kikageuka kilio, na mzee hakumgusa, alisogeza tu stuli yake karibu kidogo na kukaa naye mpaka kikaisha.

Hapo ndipo mama alipolichukua donge lake. Akalibonyeza katikati, akalipanua pole pole kwa kidole gumba, likawa lungo dogo, kama lile la kupepetea mpunga. Akaliweka mbele ya pua ya Gaju.

"Basi akule," alisema.

Sijidanganyi. Mwanawe hatarudi, na milimani bado kuna moshi. Wiki ijayo huenda akaketi tena kule mbali. Lakini sitawagawa.

Walipokuwa wanatoka, niliwabeba Gaju na lungo lake ili niwaweke dirishani. Mama Furaha akageuka mlangoni, akanigombeza kama ninavyogombezwa na mama yangu mzazi: "Apana kwa jua, weye! Watapasuka. Waweke wote wawili kwa kivuli."

Nimewaweka kivulini, wote wawili.

Kesho nitaenda kuchimba udongo mwingine. Safari hii, mwingi.