Bibi Aliyebaki Nje ya Picha

Shangazi wa gazeti, salamu nyingi, nakuita shangazi ingawa huenda umri wangu umekupita, maana natimiza hamsini na tatu mwezi ujao, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu nimembebesha kosa langu mtu asiye na hatia na sasa nimekwama.

Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo karibu na stendi, napiga za pasipoti, mahafali na harusi, mwaka wa ishirini na saba huu tangu enzi za filamu, na mke wangu anashona nguo upande wa pili wa pazia. Dada yake, yaani shemeji yangu, ndiye msaidizi wangu, anashika taa, anapanga watu, anawachekesha walionuna, na kusema kweli nusu ya sifa zangu ni zake.

Sasa miaka miwili iliyopita macho yalianza kunigomea, si kwamba yamefifia, katikati naona vizuri hata uzi nautunga kwenye sindano, ila pembeni panaliwa, nagonga bega kwenye fremu ya mlango, mtu akinisalimia kutoka ubavuni nasikia sauti kabla ya kumwona, nikajiambia ni uchovu tu. Wakati huohuo kamera yangu kubwa ya zamani ilikufa, nikanunua moja ya hizi ndogo za kisasa zisizo na kioo ndani, za kubadilisha lenzi, inaenea kiganjani, na nisikufiche shangazi, kamera hiyo ndiyo iliyonisitiri. Ukichungulia kidirishani unaiona picha kama itakavyotoka, ukumbi ukiwa na giza inakuangazia, mkono ukitetemeka inautuliza, skrini yake inakunjuka ukapiga bila kuinama, na zaidi ya yote inatafuta macho ya watu yenyewe, kiboksi cha kijani kinarukia jicho la bibi harusi na kuling'ang'ania hata akigeuka, basi kazi yangu ikawa kubonyeza tu, na wateja wakawa wananiambia, "Fundi, siku hizi umekuwa moto!" nami nacheka nao.

Mpaka siku ya mahafali ya binti mmoja, ukoo mzima umepangwa kwenye ngazi za ukumbi, na shemeji akaniambia, "Bibi yuko kwenye kiti, mwisho kushoto, rudi nyuma kidogo." Nikajibu, "Namwona." Sikumwona, shangazi, ila niliona aibu kuuliza, nikapiga tano, nikasema tayari. Baba wa binti alipokuja kuchukua ile picha kubwa ya kutundika ukutani aliiangalia sana, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama yangu yuko wapi?" Kulikuwa na mkono tu, shangazi, mkono wa mzee umeshika joho la mjukuu wake, mwenyewe hayumo. Nikanyoosha kidole. "Muulize huyu, ndiye aliyewapanga."

Shemeji alinitazama. Hakujitetea, alisema "Sawa," akaegemeza taa ukutani, akachukua mkoba wake akaondoka, na leo ni wiki ya sita hajarudi, na mke wangu aliyesikia yote nyuma ya pazia ananiuliza kila siku, "Dada yangu alikukosea nini hasa?" namjibu uzembe, uzembe, mpaka neno lenyewe limenichosha. Naogopa kusema kwa sababu baba yangu alimaliza miaka yake haoni, akishikwa mkono hata kwenda msalani, na nani atamwita mpiga picha asiyeona? Mwisho wa mwezi nina harusi kubwa na sina msaidizi, na juzi tukirudi nyumbani na mke wangu kwa pikipiki nilikwaruza gari lililokuwa ubavuni nikamgombeza dereva wake kwamba ndiye aliyenibana. Je, niseme, au niache kazi nisingizie mgongo, au kuna kamera nyingine yenye uwezo zaidi ya hii?

Ni mimi, Fundi wa Stendi.

*

Fundi, nilipofika pale unaposimulia ya pikipiki niliiweka barua yako chini. Namba yako uliiandika nyuma ya bahasha, nikakupigia hapohapo, na wasomaji watanisamehe kwa kutosubiri zamu ya gazeti. Ukaanza kunisimulia habari za lenzi. Nikakuuliza, "Funguo za pikipiki ziko wapi?" Ukasema, "Mfukoni." Nikakuambia, "Mpe mkeo sasa hivi, nasikiliza." Nikasikia pazia likivutwa, na sauti ya mwanamke ikiuliza, "Za nini hizi?" Ukanikatia simu. Mtu mzima wewe!

Siku nne baadaye ulinipigia mwenyewe, sauti imeshuka. Ulikuwa umemweleza mkeo yote. Hakupiga kelele, alifunika cherehani akasema, "Kesho hospitali." Mkaenda. Ni presha ya macho. Kilicholiwa hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa, matone kila siku bila kuruka hata moja. Pole, na pole hiyo inatoka moyoni. Lakini nitakugombeza kidogo. Ulimwona baba yako akishikwa mkono, na badala ya kukimbilia kwa daktari ukakimbilia dukani kununua kamera. Ndugu zako mliozaliwa pamoja na watoto wako wote wakapimwe mwezi huu, maana ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, na wewe ndiye wa kuwaambia.

Unaulizia kamera yenye uwezo zaidi. Hakuna. Hiyo uliyonayo ni nzuri na daktari amekuambia bado unaweza kuitumia, basi itumie bila kujificha. Inayajua macho ya waliomo kwenye picha. Aliye nje haimjui, na kwa huyo unahitaji mtu wa kusimama karibu nawe na wewe wa kumwuliza bila aibu. Mpigie bwana harusi leo, mweleze hali yako, aamue mwenyewe kama bado anakutaka.

Kisha mpigie baba wa yule binti. Mwambie kosa lilikuwa lako, lisafishe jina la shemeji yako, na uombe ruhusa ya kwenda kumpiga picha bibi nyumbani kwake, mjukuu akiwa amevaa joho. Bibi yu hai, unangoja nini?

Limebaki la shemeji. Kwenye simu uliniambia, "Mke wangu atamweleza." Hapana. Mkeo si tarishi wako. Nenda mwenyewe, ukabishe hodi mwenyewe. Na usianze na habari za ugonjwa, maana atakuhurumia, na mtu akishakuhurumia hawezi tena kukukasirikia, wakati hasira hiyo ni haki yake. Anza hivi: "Uliniambia nirudi nyuma, nikasema namwona, na nilikuwa sioni. Halafu nikakunyooshea kidole mbele ya mteja." Habari za hospitali zije mwisho, tena kwa ufupi. Usimwombe kazi siku hiyo. Ukishamaliza, nyamaza. Mwache aseme yote ya wiki sita, hata yakiwa makali, na usinyanyuke kwenye kiti mpaka amemaliza.