Nondo Zilizovuka Ukuta

Jumanne. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha, na kutwa nzima wingu limekaa juu ya Mlima Kigali bila kuamua lolote. Nami nimo vivyo hivyo: sina furaha, sina huzuni. Nimeoga mara mbili, nywele bado zina vumbi la zege.

Ripoti ya leo nimeshaituma. Ina kurasa mbili, na mengi hayakuingia. Haya ndiyo yaliyobaki nje.

Mimi ni injinia, na kazi yangu ni kubomoa. Mtu akisikia kubomoa anafikiria nyundo na kishindo. Mtaa wa Nyakabanda hauna nafasi ya kishindo. Nyumba zimebanana kiasi kwamba kipande cha zege kikikosea njia kinaweza kutua kwenye sufuria ya mtu. Kwa hiyo tunajenga kinyumenyume: kilichowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Paa, sakafu ya juu, mihimili, halafu nguzo. Kila kipande kinakatwa, kinafungwa mnyororo, kinateremshwa polepole, huku maji yakimwagwa ili vumbi lisiingie madirishani kwa watu. Kazi ikienda vizuri, mpita njia haoni cha kusimulia.

Leo tulikuwa tumefika chini kabisa. Ilikuwa zamu ya nguzo ya nne, ile iliyo ubavuni mwa nyumba ya Mama Zaituni.

Mama Zaituni ni fundi cherehani, mjane, mtu wa miaka sitini hivi. Nyumba yake haina ghorofa, ila ina paa bapa la zege ambalo marehemu mumewe, fundi Ramadhani, alilimimina mwenyewe. Chumba cha mbele ndicho anachoshonea. Wiki mbili zilizopita nilimuuliza kama nyumba yake imeshikana popote na lile ghorofa tunalolibomoa. Akajibu haijashikana. Nikamulika tochi kwenye mwanya upande wa barabara, mwanya wa kuingia mtu mmoja kwa ubavu, nikaona mwanga unapita. Upande wa nyuma mwanya ulikuwa umezibwa na mabati mabovu na takataka. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikaandika, "Majengo hayajaungana," nikatia sahihi.

Sikuyatoa yale mabati.

Ningeweza kusema kwamba niliamini neno lake. Si kweli. Nilitaka kuingia garini kabla sijalowa.

Saa mbili asubuhi, watoto walipokwisha kupita kwenda shule, tuliwaomba majirani watoke kama kawaida. Wakaenda kukaa kwenye baraza la duka lililo juu ya njia. Mama Zaituni alitoka nao, amebeba nguo za wateja kwenye kitenge. Msimamizi wangu wa mafundi, Musafiri, mtu wa Bukavu, nguzo ngumu hukata yeye mwenyewe na hamwachii mtu. Akavaa miwani yake na kuingia katikati ya nguzo na ukuta wa yule mama, maana pa kusimama ni pale tu. Akawasha msumeno. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinua mkono ili niushushe kama ishara ya kuanza.

Akauzima. Alikuwa anaangalia nyuma yangu.

"Injinia, buretse, ngoja kidogo," akasema. "Ile mama ya nguo iko anakuita."

Nikageuka. Mama Zaituni alikuwa anapiga uzio wetu wa mabati kwa kiganja. Ushungi umemwanguka mabegani, hana habari nao.

"Shikamoo, mama," nikamwambia. "Hapa si mahali pa kusimama sasa hivi."

Hakuitikia. Akanyoosha kidole.

"Yule baba atoke pale. Atoke kwanza, ndiyo nikwambie."

Nikampungia Musafiri, akatoka.

"Mume wangu aliingiza nondo kwenye nguzo yenu, kule nyuma," akasema Mama Zaituni. "Paa langu limelala humo."

"Mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza, nikakudanganya. Lile paa halina kibali, mwanangu. Nilijua ukiandika wewe, watakuja kulivunja na langu. Nikasema moyoni, litajishikilia tu. Lakini nimemuona yule anavaa miwani, nikajua atasimama wapi."

Hakulia, na mimi sikumfokea. Nilikuwa nahesabu kichwani: uzito wa paa, urefu wake, na mtu mmoja chini. Hesabu hiyo haichukui muda.

Nikasimamisha kazi yote. Tukayatoa mabati, kazi ya robo saa tu. Tukagonga lipu kwa patasi na nyundo ndogo, na nondo zikajitokeza: tatu, nene, zimetoka kwenye mhimili wa Mama Zaituni, zikavuka ukuta na kupindwa ndani ya nguzo yetu kama vidole vilivyoshika kikombe. Fundi Ramadhani alifanya kazi nzuri. Alifanya mahali pasipo pake, lakini nzuri.

Musafiri alizitazama sana.

"Ingenifunika," akasema. Kisha akaenda kunawa uso.

Kilichofuata kilikuwa kazi tu, na kazi najua kuifanya. Tulihamisha cherehani zote tatu. Tukaingiza vyuma vya kuegemeza sita chini ya mhimili wake, juu ya mbao nene, tukavikaza kimoja kimoja mpaka vikabeba mzigo. Paa lilikuwa na ufa mmoja mwembamba wa zamani. Nikabandika plasta nyembamba ya jasi juu yake na kusubiri ikauke. Jasi haisemi uongo. Paa likisogea, nayo inapasuka.

Nondo ya kwanza, kimya. Nondo ya pili, kimya. Ya tatu ilipokatika ilitoa mlio mkavu, na vyuma vikagugumia chini ya uzito mpya. Nikapanda ngazi na tochi. Jasi ilikuwa nzima.

Baada ya hapo tuliiondoa nguzo ya nne vipande vipande, na ilipofika saa saba mahali pake palikuwa na hewa tu.

Mama Zaituni alikuwa amesimama mlangoni kwake, akiuangalia ule msitu wa vyuma katika chumba chake cha kushonea.

"Utaandika?" akaniuliza.

"Nitaandika, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akafunga ushungi wake vizuri.

"Basi andika pia kwamba zege la marehemu halikupasuka."

Mkaguzi alikuja saa tisa. Nilimuonyesha nondo, nikamuonyesha na karatasi yangu ya wiki mbili zilizopita. Akasoma, akanitazama, akaandika kitu. Uamuzi wake ni huu: nyumba haivunjwi kwa sasa. Vyuma vinabaki. Hakuna kuishi wala kushona ndani mpaka nguzo mpya imiminwe upande wa Mama Zaituni, halafu aombe kibali kama mtu anayeanza upya. Kama atakipata, mkaguzi hakusema, na mimi sikumuuliza mbele ya yule mama. Usiku huu analala kwa bintiye, huku kwetu Kagugu. Saa kumi nilipoondoka, cherehani moja ilikuwa tayari imewekwa kwenye baraza la lile duka, naye amekaa nyuma yake anapinda sketi ya shule.

Bosi wangu alinipigia nikiwa njiani. Alikuwa ameshasoma ripoti.

"Kwa nini umeanza na kosa lako?" akauliza. "Anza na uongo wa jirani. Ndiyo sababu ya yote."

Nikamwambia kwamba jirani ana miaka sitini na cherehani tatu, na mimi nina shahada na tochi. Kuangalia ilikuwa kazi yangu. Akasema tutazungumza Ijumaa. Huenda ikawa onyo. Huenda ikawa zaidi ya onyo. Nimejaribu kuiogopa hiyo Ijumaa na sijaweza. Labda nimechoka tu.

Kinachonisumbua ni kingine. Mimi nilishindwa kuvuta bati moja kwa kuogopa kulowa. Mama Zaituni ameiweka nyumba yake yote mikononi mwa ofisi kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake halijui. Nimemuuliza Musafiri kama waliwahi kuongea kabla ya leo. Akasema hapana, alikuwa anamsalimia tu asubuhi, naye alikuwa anaitikia.

Ningekuwa mimi kwenye lile baraza, na paa ni langu, ningeshuka ile njia?

Nimekaa na swali hili tangu jioni. Ningependa kuandika ndiyo.